Gari Limekataa Kuwaka: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Bukoba na Muleba



Leo tutazungumza habari ya injini inayokataa kuwaka. Najua wengine mtasema, "Bwana Elimu, sisi magari tunayatoa wapi?" Swali hilo ni zuri. Lakini tazameni. Pikipiki inayobeba mkungu wa ndizi kwenda sokoni ina injini. Jenereta la ukumbi wa harusi lina injini. Na bado, hapa na pale Bukoba na Muleba, utaliona gari la zamani limeegeshwa pembeni mwa kibanja. Ni Peugeot, ile ambayo watu wetu waliiita Pijo, au ni Datsun. Mwenyewe atakuambia, "Hili lilikuwa gari la mbio! Siku hizi tu linasumbua kuwaka."

Siku gari hilo linapokataa, huenda mama mjamzito anasubiri kupelekwa hospitali ya Rubya au Ndolage. Huenda magunia ya kahawa yanasubiri na mvua imekwisha kutanda. Kwa hiyo jambo hili si mchezo.

Neno langu la leo ni moja. Likumbukeni hata mkisahau mengine yote. Usinunue spea kabla hujaujua ugonjwa. Mganga mzuri humpima mgonjwa kwanza, kisha ndipo anatoa dawa. Na mwenye gari afanye vivyo hivyo.

MAGARI HAYA NI YA NAMNA GANI?

Vijana huenda hawajui sifa za magari haya. Mwaka 1953 yalianza mashindano makubwa ya magari hapa Afrika Mashariki. Baadaye yakajulikana sana kwa jina la Safari. Magari yalipita katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na mwaka 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Gari lake lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1971 na mwaka 1973 ilishinda Datsun 240Z. Dereva wa mwaka 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Lakini mimi napenda zaidi habari ya Joginder Singh wa Kenya. Huyu alikuwa fundi wa magari kabla hajawa dereva mashuhuri. Alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Ule mwaka 1965 gari lake lilikuwa Volvo lililokwisha kutumika, si jipya. Akashiriki Safari mara 22, na mara 19 akafika mwisho. Wengi wenye magari mapya waliachwa njiani. Tunajifunza nini hapo? Gari kuukuu si gari baya. Gari likiwa na mtu anayelielewa, linafika.

Magari haya ya zamani hayana kompyuta. Mengi yanatumia kabureta. Kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Mengine, kama Datsun 240Z, yana kabureta mbili ili yapate nguvu zaidi. Kwa kuwa hayana kompyuta, ugonjwa wake unaweza kuutafuta kwa macho, masikio, pua na akili. Pikipiki nyingi nazo zina kabureta. Basi mwenye pikipiki naye atege sikio.

INJINI INATAKA NINI?

Injini ya petroli inataka vitu vitatu ili iwake. Inataka mafuta, inataka hewa, inataka moto. Ni kama jiko la mkaa. Mkaa ukiwepo bila kiberiti, hakuna moto. Kiberiti kikiwepo bila mkaa, hakuna moto. Ukiliziba jiko lisipate hewa, moto unakufa.

Basi gari likikataa kuwaka, usipige mateke magurudumu. Jiulize, "Kati ya vitu hivi vitatu, kipi kimekosekana?" Ukijibu swali hilo, umemaliza nusu ya kazi.

KWANZA, ULIZA MASWALI

Kabla ya kushika spana, shika kalamu. Ndiyo, kalamu! Mlijifunza kusoma na kuandika ili viwasaidie katika kazi. Chukua daftari, andika majibu ya maswali haya:

1. Ukipiga stata, injini inazunguka au haizunguki?
2. Gari linakataa asubuhi likiwa baridi, au linakataa likiwa limepata moto?
3. Lilianza kukataa baada ya mvua? Baada ya kujaza mafuta mahali fulani? Baada ya fundi kuligusa?
4. Lilizima ghafla, au lilikohoa kwanza na kupungua nguvu kidogo kidogo?

Swali la nne lina siri kubwa. Gari likizima ghafla, kama taa iliyozimwa kwa swichi, mara nyingi kilichokatika ni umeme. Likikohoa, likavuta, likaregea, kisha likazima, mara nyingi kilichokosekana ni mafuta. Si kila mara, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

INJINI HAIZUNGUKI

Ukipiga stata ukasikia "tak" na kimya, au injini ikajizungusha kivivu, usiseme habari ya mafuta. Hapo tazama betri. Washa taa za mbele, kisha piga stata. Taa zikififia sana, betri imechoka au waya haushiki vizuri.

Tazama vichwa vya betri. Je, vina ungaunga mweupe au wa kijani? Ungaunga huo unazuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha kwa maji ya moto, kausha, kwangua ming'ae. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, maliza na hasi. Kaza vizuri, kisha paka grisi kidogo. Usisahau waya mnene unaounganisha injini na bodi ya gari. Ukilegea au ukiliwa na kutu, hata betri mpya haitafaa. Watu wamenunua betri mpya, kumbe dawa ilikuwa maji ya moto na spana.

INJINI INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI: PIMA MOTO

Sasa tunafika kwenye ugonjwa wenyewe. Tunaanza kupima moto kabla ya kupima mafuta. Kwa nini? Kwa sababu kupima moto kunatoa cheche, na kupima mafuta kunatoa petroli. Hatutaki petroli iwe imemwagika wakati wa cheche. Kama unasikia harufu kali ya petroli, ngoja kwanza. Fungua boneti, hewa ipite, petroli ikauke.

Azima plagi moja nzima. Zile zilizomo katika injini ziache mahali pake, mashimo yabaki yamefungwa. Chomoa waya wa plagi mmoja, uuchomeke kwenye plagi uliyoazima. Funga chuma cha plagi hiyo kwenye chuma cha injini kwa kipande cha waya, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono, umeme wake unapiga vibaya. Mwenzako apige stata, wewe utazame.

Cheche ikiwa ya bluu na inalia "cha, cha, cha," moto upo. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo kabisa, ugonjwa uko upande wa umeme. Acha kabureta, usiiguse.

Hapa kwetu adui mkubwa wa moto ni unyevu. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ni mahali pamojawapo penye mvua nyingi sana katika Tanzania. Ndiyo maana ndizi zetu zinastawi, lakini magari ya zamani hayapendi. Kipo kifaa chenye kifuniko cheusi na nyaya nene zinazokwenda kwenye plagi. Mafundi hukiita distribyuta. Kazi yake ni kugawa moto kwa kila plagi kwa zamu. Unyevu ukiingia ndani ya kifuniko hicho, moto unapotea njiani. Kifungue, kifute kwa kitambaa kikavu ndani na nje, futa na nyaya. Tazama kama kina ufa mwembamba, au mstari mweusi kama wa kalamu. Ukiuona mstari huo, moto unapita hapo badala ya kwenda kwenye plagi. Kifuniko hicho kimekufa.

Ndani ya distribyuta kuna vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Mafundi huviita platini. Vikichomeka au vikiingia uchafu, cheche inapungua. Vikiwa vimeachana, nafasi yake katika magari mengi ni ndogo sana, kama milimita 0.4. Anayejua avipime kwa kipimo. Asiyejua amwite fundi, lakini amwambie, "Moto hakuna, mafuta sijayagusa." Fundi ataanza mahali panapofaa.

MAFUTA: YAFUATE TOKA TANGINI

Moto ukiwa mzuri, sasa tuyafuate mafuta. Petroli inasafiri kama maji ya kijiji yanavyotoka katika chemchemi hadi bombani. Inatoka tangini, inapita katika bomba, inapita kwenye chujio, inavutwa na pampu, inafika kwenye kabureta. Maji yakikatika kijijini, hatubomoi bomba la mwisho. Tunafuata njia mpaka tuone yalipokwama.

Hatua ya 1. Je, mafuta yapo? Msicheke. Mshale wa gari la zamani husema uongo. Lini ulijaza, na umekwenda kilometa ngapi? Tikisa gari usikilize.

Hatua ya 2. Je, mafuta yanafika kwenye kabureta? Injini iwe imepoa. Chomoa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili, ili cheche isitoke. Kisha fungua mpira unaoingiza mafuta katika kabureta, uelekeze ndani ya chupa safi. Mwenzako apige stata kidogo. Katika magari mengi ya zamani pampu inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo petroli itatoka kwa kuruka ruka, "chu, chu, chu." Ikitoka kwa nguvu, njia yote ni nzima. Tafuta ugonjwa ndani ya kabureta. Isipotoka, au ikitoka matone, rudi nyuma.

Hatua ya 3. Tazama chujio. Tangi la zamani lina kutu ndani. Kutu inavunjika vipande vidogo na kuziba chujio. Tazama pia mipira yote. Mpira uliopasuka kabla ya pampu huenda usivujishe hata tone. Badala yake unanyonya hewa, na pampu inapiga bure.

Hatua ya 4. Fungua kifuniko cha tangi. Hapa ningependa tukae kidogo.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana Peugeot 504. Anatoka Muhutwe kupanda Kamachumu. Gari linakwenda vizuri kilometa kumi, kisha linakohoa na kuzima. Anasubiri nusu saa, linawaka. Linakwenda tena kidogo, linazima. Anaambiwa, "Pampu hiyo." Ananunua pampu. Linazima. "Kabureta hiyo." Anauza kahawa, ananunua kabureta. Linazima tena. Fedha imekwisha, ada ya mtoto imeliwa na gari.

Ugonjwa ulikuwa nini? Tangi la mafuta lazima liingize hewa kadiri petroli inavyotoka. Katika magari mengi ya zamani hewa hiyo hupita kwenye kitundu cha kifuniko. Matope au mdudu ameziba kitundu. Mama zangu mnalijua jambo hili. Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja, maziwa yanakwama. Ukitoboa la pili, yanamiminika. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Gari likizima, fungua kifuniko cha tangi mara moja. Ukisikia "fyuuu," hewa ikiingia kwa nguvu, na gari likawaka, umeupata ugonjwa. Dawa yake ni kuzibua kitundu. Bei yake ni sifuri.

Hatua ya 5. Je, petroli yenyewe ni safi? Iweke kidogo katika chupa ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mpaka wake. Kisha dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, uliache likauke. Petroli safi hukauka bila kuacha alama kubwa. Likiacha doa la mafuta, huenda imechanganywa na mafuta ya taa au dizeli.

Ulaghai huo ulikuwa mkubwa nchini. Mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo, basi wafanyabiashara wengine waliyachanganya. Ndiyo maana mwaka 2010 ilianza kazi ya kuweka vinasaba katika mafuta, chini ya EWURA, ili wakaguzi wayatambue yaliyochakachuliwa. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Petroli yenye mafuta ya taa haigeuki mvuke upesi. Kwa hiyo gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi, na hasa lile la mbio, injini yake inagonga likipanda mlima. Petroli iliyolala tangini miezi mingi nayo inaharibika. Inaacha utandu kama ulimbo katika vitundu vya kabureta.

LINAKATAA LIKIWA LIMEPATA MOTO

Yapo magari yanayowaka vizuri asubuhi, lakini ukisimama dukani dakika kumi tu, hayawaki tena. Sababu ya kwanza ni mvuke. Joto la injini linachemsha petroli ndani ya bomba. Petroli inageuka mvuke. Pampu imeumbwa kusukuma kitu cha majimaji, mvuke haiuwezi. Fungua boneti, subiri ipoe. Kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba husaidia. Halafu tazama kama bomba la petroli limesogea karibu na bomba la moshi. Kama ndivyo, lihamishwe.

Sababu ya pili ni mafuta kuzidi. Utasikia harufu yake. Plagi zimelowa. Hapo mtu anakanyaga na kukanyaga, naye anazidi kuizamisha injini. Usifanye hivyo. Kanyaga mafuta mpaka chini mara moja, ushikilie hapo hapo, kisha piga stata. Hewa nyingi itaingia na kukausha. Likiwaka, achia taratibu. Likizidi kulowa kila siku, tazama kama choki imekwama ikiwa imefungwa, au kama boya la ndani ya kabureta limetoboka. Boya lililotoboka linazama, na petroli inaingia bila kizuizi.

MAGARI YENYE KABURETA MBILI

Gari la mbio lenye kabureta mbili ni kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Mmoja akivuta na mwingine akilala, kazi haiendi. Injini itatikisika ikiwa imesimama, na itakuwa ngumu kuwaka. Chukua kipande cha mpira wa maji. Weka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta injini ikiunguruma polepole. Sikiliza mvumo wa hewa. Hamia kabureta ya pili. Mivumo ikilingana, ng'ombe wanavuta pamoja. Isipolingana, mwambie fundi azilinganishe.

Kabureta nyingine za magari hayo zina pistoni inayopanda na kushuka. Injini ikiwa imezimwa, iinue kwa kidole kisha uiachie. Inapaswa kushuka yenyewe na kugota "tok." Ikikwama, ina uchafu.

Lakini angalieni. Baadhi ya Peugeot za zamani hazina kabureta kabisa. Zina pampu maalumu inayorusha petroli kwa nguvu. Hiyo usiifungue. Mtafute fundi anayeijua.

HEWA, NA NGUVU YA INJINI

Hewa ni rahisi. Toa chujio la hewa, lipige taratibu chini, tazama mwanga upande wa pili. Gari lililokaa muda mrefu, hata panya huweka kiota humo.

Kama moto upo, mafuta yapo, hewa ipo, na bado haliwaki, huenda injini imechoka. Chomoa tena ule waya wa koili. Toa plagi moja, ziba shimo lake kwa kidole gumba, mwenzako apige stata. Hewa isukume kidole kwa nguvu. Fanya hivyo kila silinda. Ikiwa haisukumi, valvu au ringi zimekwisha. Hiyo ni kazi ya gereji. Ulipofika hapo hukupoteza fedha yoyote, na fundi hawezi tena kukuuzia kabureta.

Plagi nayo husema. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini ina afya. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi. Imelowa petroli, haipati moto au imezama. Ina oili, ringi zimechoka. Nyeupe sana, mafuta hayatoshi au injini inachemka. Isomeni kama mnavyosoma gazeti.

PETROLI INAUA

Sasa nawaomba wote mnisikilize vizuri, hata msio na magari.

Mvuke wa petroli hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji mpaka ufike kwenye jiko au koroboi, kisha unarudi na moto. Kwa hiyo usifungue bomba la petroli karibu na moto wowote. Usivute sigara. Usitumie koroboi kumulika, tumia tochi. Weka mchanga ndoo nzima karibu. Petroli ikiwaka, usimwagie maji, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kusambaza moto.

Usimimine petroli katika mdomo wa kabureta huku mtu anapiga stata. Najua wengi wanafanya. Injini ikipiga chafya, moto unatokea mdomoni, na chupa iko mkononi mwako.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Kiasi kidogo kikiingia mapafuni, mtu anaweza kuugua vibaya hata kufa. Mtu akimeza petroli, usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa. Ukimtapisha, itapita tena kooni na kuingia mapafuni. Mpeleke zahanati mara moja. Na usiweke petroli katika chupa ya maji au ya soda. Mtoto ataiona na ataiamini.

Tusisahau Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka pale Msamvu. Watu wakakimbilia kuchota petroli. Ikalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Hawakuwa watu wabaya, lakini hawakujua kwamba mvuke ulikuwa umekwisha kuwazunguka. Lori likianguka barabarani kwetu, kati ya Bukoba na Muleba, wakimbizeni watoto waende mbali. Dumu zibaki nyumbani.

DAFTARI LA GARI

Mwisho, nawapa kazi. Kila mwenye injini, iwe gari, pikipiki au jenereta, afungue daftari. Achore mistari apate sehemu tano: tarehe, hali ya hewa, injini ilikuwa baridi au ya moto, imefanya nini, nimefanya nini na matokeo yake. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu pamoja na gari likawaka, hujui kipi kilichoponya. Kesho likikataa tena, utaanza upya.

Baada ya miezi mitatu soma daftari lako. Utaona mwenyewe, "Kumbe linakataa siku za mvua tu," au, "Kumbe linakataa nikijaza mafuta mahali fulani." Siku ukienda kwa fundi, msomee. Fundi wa kweli atafurahi, na asiye wa kweli ataogopa kukudanganya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na gari ni mali.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Injini ya petroli inahitaji vitu gani vitatu ili iwake?
2. Kwa nini tunapima moto kabla ya kupima mafuta?
3. Gari linakwenda kilometa chache, linazima, likipumzika linawaka. Utafungua nini kwanza?
4. Mtoto amekunywa petroli. Utafanya nini? Hutafanya nini?
5. Katika kijiji chenu petroli inawekwa wapi? Je, mahali hapo ni salama? Amueni pamoja mtabadilisha nini, kisha mwandike uamuzi wenu.